Kupanga na mwenzako wa skuli au na mtu usiyemjua: ya kuangalia kabla hujalipa kodi

Mdogo wangu wa mwisho kapata chuo. Mama kashaanza kujaza vyombo kwenye ndoo, baba kashauliza nauli ya boti imefika ngapi, na lililobaki ni suali moja ambalo mwenyewe alinipigia simu saa nne za usiku kuniuliza: "Dada, nikae na mwenzangu wa skuli, au nikubali mtu yeyote nitakayempata huko?"

Nilitaka kumjibu kwa neno moja, nikashindwa. Mwaka wangu wa kwanza nilikaa na shoga yangu niliyetoka naye Wete, Pemba, chumba kimoja cha kupanga njia ya Tunguu, Unguja. Mwaka wa pili nilikaa na binti wa Makunduchi ambaye sikumjua hata jina hadi siku alipoingiza godoro lake. Nyumba ilikuwa ile ile, mwenye nyumba yule yule, choo kile kile cha uani. Kilichobadilika ni mtu tu, ndiyo maana nadhani naweza kulinganisha bila ya kumwonea mtu. Au tuseme nitajaribu, maana upande wangu nimeshauchagua na msomaji ataujua kabla hajafika mbali.

Ninaowaandikia hasa ni wanaotoka mbali. Mtoto wa Kikwajuni anayesoma mjini analala kwao, hana haja na haya. Aliyetoka Konde au Kengeja hana kwao pa kurudi jioni, na hata wa Nungwi anayesoma Tunguu ataanza mwaka kwa kupanda gari mbili kwenda na mbili kurudi, kisha kabla ya mitihani ya kwanza atatafuta chumba. Wapo pia wanaovuka kinyume, kutoka Unguja kwenda kampasi ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, iliyoko Mchangamdogo, Pemba, nao wana suali hili hili. Tunguu ina kampasi kuu ya SUZA na ina Zanzibar University, kwa hiyo vyuo vikifungua vyumba vinagombaniwa, na mtu huamua kwa pupa na yule aliye karibu naye. Aliye karibu, mara nyingi, ni mwenzake wa skuli.

Rafiki wa darasani, rafiki wa dahalia

Kwanza pima urafiki wenu umekulia wapi. Skuli zetu nyingi ni za kutwa. Mwenzako unamkuta mstarini, sare imepigwa pasi, mtandio umenyooka. Mchana mnaagana njia panda, kila mtu anakwenda kula kwao. Miaka ya hivyo inakujulisha mengi: kitu gani kinamchekesha, mwalimu gani anamwogopa, hisabati inamtoa jasho kiasi gani. Haikujulishi kama akila anaosha sahani. Mimi na shoga yangu tulikaa dawati moja tangu kidato cha tatu, na usiku wetu wa kwanza Tunguu ndio nilipojua kuwa halali mpaka taa iwe inawaka.

Waliosoma dahalia, wakilala skuli, kama wale wa Fidel Castro kule Pemba, hawamo katika maneno haya. Hao wameshapanga foleni ya maji pamoja, wameshaibiana sabuni, wameshanuniana wiki nzima na wakapatana. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ukiwa na mwenzako wa namna hiyo, ruka kipande kinachofuata uende kwenye pesa.

Muhali

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, nami nitakaa kidogo.

Mama alinipa sufuria tatu zinazoingiana, ya kati ndiyo ya wali. Wiki ya tatu nikarudi chuoni magharibi, nikaisikia harufu ya kuungua tangu uani. Shoga yangu kakaa mkekani, simu sikioni. Sufuria ya kati iko nje ukutani, imetiwa maji na jivu, chini kumekuwa kweusi ti, na kitako kimebonyea. Tangu siku ile ikiwekwa jikoni ilikuwa ikitikisika, mpaka mtu aishike mpini kwa kitambaa ndipo akoroge. Akaniambia, "Shoga, nisamehe, nilipitiwa." Nikamjibu, "Si kitu."

Sasa ningelimwambia nini? Kwamba ile sufuria mama kaichagua Chake, kaigonga kwa kidole dukani asikie mlio wake? Kwamba simu ilikuwa na muda wake na wali una muda wake? Mama yake na mama yangu wanasuka ukili baraza moja. Nikaona muhali, ile haya ya kumwambia mtu wa karibu neno la kumuudhi.

Na muhali haukai peke yake, unazaa. Alivaa khanga yangu mpya bila ya kuniuliza: si kitu. Taa iliwaka mpaka alfajiri nami nina mtihani saa mbili: si kitu. Alikuja mtoto wa mama yake mdogo kulala siku mbili, akalala kumi na moja, watatu kwenye chumba cha hatua nne kwa nne: si kitu. Yeye naye, nilikuja kujua baadaye, alikuwa na zake. Nilikuwa nasoma kwa sauti. Nilikuwa nikifua usiku na kuanika ndani, chumba kinanuka unyevu. Nilikuwa nikimkatiza akizungumza mbele ya watu. Hakuniambia hata moja. Tukamaliza mwaka mzima kila mmoja anamstahi mwenzake na anamwekea hesabu.

Mwezi wa sita, tukifunga mizigo, tuligombana juu ya ndoo. Ndoo ya plastiki, ya buluu, haina hata mfuniko. Kila mmoja alisema yake, na ndani ya ndoo ile ikatoka sufuria, ikatoka khanga, taa, mtoto wa mama mdogo, kufua usiku, yote kwa dakika kumi, kwa sauti iliyomtoa bibi mwenye nyumba nje na kanga moja begani. Boti tulipanda moja na hatukukaa viti vya pamoja.

Yule wa Makunduchi, usiku wa kwanza, hata chandarua hatujafunga, alinambia hivi: "Mimi silali taa ikiwaka, siazimi nguo wala siazimishi, na mgeni wangu akija halali. Wewe je?" Nilimwona mkavu. Nikajisemea, huyu kafunzwa wapi? Kwetu mtu unamkaribisha kwanza, ukishamzoea ndipo unamwambia yako. Lakini nikamtajia yangu, kwa uchungu kidogo: asiguse sufuria zangu. Akacheka, akatoa zake. Miaka miwili tuliyokaa, tulikosana mara nyingi kuliko nilivyokosana na shoga yangu, kila mara kwa dakika tano, na hakuna lililolala usiku wa pili.

Sisemi kuwa mtu usiyemjua ndiye mwenye tabia njema. Nimesikia vituko vya watu waliokaa chumba kimoja na mwizi. Ninachosema ni kuwa mgeni humwonei muhali, unaweza kumwambia toa kiatu chako njiani. Rafiki yako wa tangu utotoni, mwenye mama anayemjua mama yako, neno hilo hilo linakukaa kooni.

Pesa

Chumba chetu kilikuwa shilingi 60,000 kwa mwezi, na bibi alitaka ya miezi sita mbele. Hiyo ni 360,000, kwa wawili kila mtu 180,000. Shoga yangu alikuja na 100,000 kwa sababu fedha zake za mkopo zilikuwa hazijatoka. Baba yangu alikuwa kashauza karafuu, basi nikajazia ile 80,000. Alinambia atanilipa bumu likitoka. Bumu lilitoka. Akanunua mtungi wa gesi wa kilo sita, akanunua mchele, akaninunulia na viatu siku tulipokwenda Darajani. Kwa hesabu zake alikuwa kashalipa na zaidi. Kwa hesabu zangu gesi na mchele ni vya kila siku, na 80,000 bado iko palepale. Hakuna aliyedhulumu, lakini mpaka leo sijui nani anamdai mwenzake.

Hili linawapata wengi wanaokaa na marafiki, na lina sababu yake. Marafiki husema "chetu". Mchele wetu, umeme wetu, sabuni yetu. Ni neno tamu hadi siku mmoja anapokuwa nacho na mwenziwe hana. Na kwa wanafunzi wa Zanzibar siku hiyo haikosi kufika, kwani mmoja anaweza kuwa anakopeshwa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Zanzibar, mwengine na ile ya Muungano, wa tatu hana mkopo kabisa anangojea msimu wa karafuu au mwani wa mama. Fedha zao haziingii siku moja. Kuna wiki ambazo mmoja anakula kuku na mwengine anahesabu nauli, nao wanalala hatua mbili.

Na mtu usiyemjua je? Sisi tulikuwa na daftari lenye jalada la kijani, limetundikwa msumarini kwa uzi pamoja na kalamu. Nikinunua umeme wa Tukuza wa 5,000, naandika. Akinunua gesi, anaandika. Mwisho wa mwezi tunajumlisha, aliyezidi anarudishiwa. Mwanzoni niliona haya, nikaona kama tumekuwa wenye duka. Kufika mwezi wa tatu nilikuwa mimi ndiye ninayemkumbusha.

Mtaniambia: si na rafiki pia unaweza kutundika daftari? Unaweza. Jaribu kumwambia siku ya kwanza, uone uso wake.

Kwenye gharama zenyewe hakuna tofauti ya maana, kwani chumba ni bei ile ile ukikaa na nani. Isipokuwa jambo moja dogo: marafiki wawili kutoka mtaa mmoja huwa wanaleta vyombo pamoja, mmoja jiko, mwengine godoro, basi mwanzo unawawia mwepesi. Ukikaa na usiyemjua mnaweza kujikuta na majiko mawili na hakuna hata ndoo.

Kuumwa, na habari kufika kwenu

Katika hili rafiki hana mshindani, lakini ubora wake huo huo ndio unaokuja kukukera.

Mwaka wa kwanza nilishikwa na homa kali. Kabla sijaweza kuinuka kitandani, mama yangu Wete alikuwa anajua, na mama mdogo anayekaa Fuoni alikuwa njiani na uji wa mtama kwenye chupa ya chai. Shoga yangu alikuwa na namba za ukoo wangu mzima. Alijua kuwa sindano naziogopa, na kwamba nikiumwa nataka maji ya ndimu ya moto.

Mwaka wa pili homa ilinishika tena, usiku, na huyu wa Makunduchi. Alikuwa na roho nzuri, alishughulika, lakini alikuwa hajui ampigie nani. Simu yangu imefungwa. Nakumbuka kwa mbali akinishika mkono unaotetemeka, anajaribu kidole hiki na kidole kile kwenye kioo cha simu mpaka ikafunguka, kisha anatafuta "Mama", anaikuta "Mama Wete", "Mama Mdogo Fuoni" na "Mama Ntilie". Alianza na yule wa chakula. Asubuhi yake tulikata karatasi mbili, tukaandika kila mtu namba tatu za kwao, tukazibandika nyuma ya mlango. Ukikaa na mtu usiyemjua, fanya hivyo siku ile ile ya kufunga chandarua, usisubiri homa.

Upande wa pili wa kujuana ni huu. Nilipofeli somo moja muhula wa kwanza, nilikusudia niwaambie mwenyewe nikifika nyumbani, kwa mpango wangu. Nilipoteremka Mkoani, baba aliyekuja kunipokea aliniuliza habari za mtihani wa marudio. Shoga yangu hakunisengenya. Alimwambia mama yake tu, katika mazungumzo, na mama yake akamhurumia mama yangu barazani. Kisiwa chetu ni kidogo, habari hazingoji boti. Mwaka huo huo tulipogombana juu ya ile ndoo, mama zetu walikaa wiki mbili hawaalikani kwenye shughuli. Ugomvi wa chumba kimoja cha Tunguu ulifika hadi kwenye sinia la biriani Wete. Ukigombana na mtu usiyemjua, mnagombana wawili.

Ramadhani

Hiki ni kipande kifupi, na ni cha rafiki peke yake.

Ramadhani ya kwanza mbali na kwenu ni ngumu kuliko mitihani. Siku ya kwanza, adhana ya magharibi ilipoanza, tulikuwa na tende, muhogo wa nazi na tambi, vyote kama vinavyopikwa kwetu, kwa sababu wapishi wawili tulitoka jikoni kwa namna moja. Alijua nazi nzito naipenda iwekwe mwisho. Daku tuliamshana kwa kuvutana kidole gumba cha mguu, kama tulivyokuwa tukiamshwa watoto. Tulilia kidogo usiku ule, wote wawili, na hakuna aliyemuuliza mwenzake analia nini. Na huyu wa Makunduchi tulifuturu vizuri pia, na nilijifunza kwake mchuzi wa pweza ambao sijaupata kwengine. Lakini ile ya mwaka wa kwanza sikuipata tena. Anayeniuliza kama nimejuta kukaa na shoga yangu, namjibu kwa muhogo ule.

Masomo na watu wapya

Wawili wanaotoka skuli moja hutembea pamoja. Tulikwenda darasani pamoja ijapokuwa yeye alisomea ualimu nami uhasibu. Aliyewahi kutoka alimngoja mwenziwe chini ya mwembe. Tulikula pamoja, tulirudi pamoja. Muhula wa kwanza ulikwisha nami darasani kwangu najua majina matatu. Siku mwalimu alipotugawa makundi, kila mtu alikuwa na wake, mimi nilitiwa kwenye kundi la waliobakia. Hilo lilikuwa kosa langu, simlaumu yeye. Ukiwa na mtu unayerudi kwake kila saa, huna haja ya kujikaza ukamsalimu mgeni.

Vyuo vya nje vimeliona hili. Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kilitangaza mwaka 2018 kuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawatajichagulia tena wenzao wa chumbani, chuo chenyewe kitawapangia. Walikuwa wanatafutana mitandaoni kabla ya kufika, na kila mtu anaishia na anayefanana naye. Kule mwanafunzi anatoka majimbo hamsini. Ninavyoona mimi, hoja inafaa hata kwenye visiwa viwili, kwani Mpemba anaweza kumaliza miaka mitatu Unguja na marafiki zake wote wakawa Wapemba.

Makunduchi, kwa gari, si mbali na Tunguu. Lakini mwenzangu akizungumza na bibi yake kwa simu kwa Kikae, lahaja ya kwao, sikuwa nikishika hata nusu, na yeye akinisikia nasema "kuno" badala ya "huku" anaanguka kitandani kwa kicheko. Mwezi wa saba alinichukua kwao kwenye Mwaka Kogwa. Niliwaona wanaume wakipigana kwa migomba, kibanda kikichomwa moto, wanawake wakiimba mabishano pembeni mwa uwanja, na nikala kwa bibi yake kama niliyezaliwa pale. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, Mzanzibari wa kuzaliwa, na sikuwahi kufika.

Kuhusu alama zenyewe, kuna uchunguzi wa Marekani unaojulikana sana. Bruce Sacerdote, mwaka 2001, alitazama wanafunzi wa Dartmouth waliopangiwa vyumba kwa bahati nasibu, akaona kuwa mwenzako wa chumbani anaacha alama kwenye matokeo yako. Na katika chuo cha Berea, Kentucky, ilionekana kuwa anayepangiwa na mwenye gemu za video chumbani husoma saa chache na alama zake hushuka, hata kama gemu si lake. Kwa hivyo kitu cha kuuliza ni huyu mtu, awe rafiki au mgeni, analeta nini chumbani. Kaka yangu alikaa na rafiki zake wawili wa skuli, wakaleta televisheni na gemu la mpira. Geto lao likawa klabu: vijana wa mtaa mzima, viatu mpaka nje, kelele mpaka saa saba. Alifaulu, lakini kwa kusomea msikitini.

Kama ni dahalia ya chuo

Chuo kikiwapangia watu wanne au sita chumba kimoja, hesabu inageuka. Hapo marafiki wawili hawadhuriani sana, kwani wengine wapo kati yao. Wanaoteseka ni wale wengine. Wawili wakitoka skuli moja wanakuwa chama: wanazungumza ya kwao, wanachekeana ya kwao, wanalindana zamu ya kufagia. Mkipangwa hivyo, angalau msichukue vitanda vya juu na chini. Basi, sina zaidi hapo.

Nilivyomjibu

Nilimpa mdogo wangu jawabu hili, na ndilo ninalompa kila anayeniuliza. Ukiwa na mwenzako wa dahalia, au mtu ambaye mmeshagombana naye kwa maneno makali na mkapatana, kaa naye, hutapata bora. Ukiwa na rafiki wa darasani tu, tena mama zenu ni majirani, tafuteni vyumba viwili katika nyumba moja, au nyumba mbili za mtaa mmoja. Futari mle pamoja, homa muuguzane, na usiku kila mtu afunge mlango wake kwa taa anayoitaka. Chumbani mwako mkaribishe mgeni, mtajiane masharti kabla ya kula pamoja, na namba za kwenu zibandikwe nyuma ya mlango.

Na kama huna jinsi, ni rafiki au ulale nje, basi fanya mambo mawili ambayo mimi sikuyafanya. Kodi kila mtu alipe fungu lake mkononi mwa mwenye nyumba, asimjazie mwenzake, na kama ni lazima ajazie, liandikwe. Na lile la kwanza litakalokukera, hata liwe dogo kama nywele kwenye kitana, lisemwe siku hiyo hiyo, kwa sauti ya kawaida, ili nyote wawili mzoee kusikia.

Mdogo wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kimya, mpaka nikadhani salio limekwisha.

"Dada," akasema, "lakini mimi nishamkubalia."

"Lini?"

"Juzi. Alikuja na mama yake. Ukweli sikutaka, ila niliona muhali kumkatalia."

Nikamwambia anunue daftari.